Fungate Ndani ya Dema

Jikoni kwake, Bi Kidawa, mama wa bibi harusi, alimimina juisi ya ukwaju kwenye gilasi sita, akamsogelea Bi Sichana sikioni, akasema taratibu kabisa, kwa sauti ya mtu asiyetaka hata sufuria imsikie:

"Umeuona mdomo unavyomtangulia? Samaki chuchunge mtupu yule. Kaja kutazama chumba au kaja kukadiria mirathi?"

Bi Sichana hakuwahi kucheka. Kutoka upande wa pili wa nyumba, vyumba viwili mbele, Bi Zuleikha alijibu kwa upole, wala sauti hakuipandisha.

"Chuchunge nimekuja kutazama chumba, mwenzangu. Na nakusikia vizuri, kama tumekaa mkeka mmoja."

Gilasi ya sita ikafurika mpaka sakafuni.

Zilikuwa zimebaki siku kumi harusi ifike. Bi Zuleikha, mama wa bwana harusi, alikuja Tunguu na dada zake wawili kutoka Mkunazini, mjini, wote wamevaa mabaibui ya kuendea kwa watu. Ilikuwa haki yao. Baada ya nikaha kijana wao Ridhwan angekaa fungate kwao bibi harusi, siku saba, analishwa, anapepewa, asiulizwe hata bei ya sukari. Mama lazima atazame mwanawe anawekwa wapi. Godoro alilibonyeza, akaridhika. Samadari, kitanda cha kale kilichotoka kwa bibi yake bibi harusi, aliisifu. Kisha akanyanyua macho atazame dari, na dari hakuiona.

"Ukuta huu umeishia wapi?" alimuuliza Khairat, bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa kasimama mlangoni na aibu zake.

"Umeishia hapo, mama."

Na kweli uliishia hapo. Ulipanda kiasi cha mtu mrefu akinyoosha mkono, kisha ukakoma, kama fundi aliyepigiwa simu akasahau kurudi. Kutoka pale mpaka kwenye makuti palikuwa na uwazi mtupu, umezibwa kwa vijiti vya mikoko vilivyopangwa kwa nakshi. Na ukuta wa nje, unaotazama upepo wa kaskazi, ulikuwa na vitundu vya umbo la nyota kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Baba anasema upepo uingilie huku, utokee kule," alieleza Khairat.

"Na maneno?"

Khairat alikuwa mtoto mkweli, na ukweli una siku zake. "Maneno nayo, mama."

Bi Zuleikha alijifunga mtandio wake vizuri, akatoka mpaka sebuleni, na safari hii akasema ili asikike.

"Mwanangu hatokaa fungate ndani ya dema. Dema hukaa samaki, na samaki mwenyewe huingia kwa kutojua. Nyumba yangu ipo mjini, kuta zinafika juu. Watakuja kwangu."

Wakaondoka. Juisi haikuguswa na mtu, zikabaki gilasi sita zimejipanga kwenye sinia kama mashahidi.

Asiyejua mambo atasema, sasa shida iko wapi, si wakae mjini. Anayejua ashajishika kichwa. Binti akipelekwa fungate ukweni, watu wote wa harusi watauliza swali moja tu: kwani huyu hana kwao?

*

Haroub, baba yake Khairat, alikuwa fundi viyoyozi, na ndiyo maana watu wa Tunguu walimcheka mara mbili. Miaka ishirini na mbili alipanda kuta za mahoteli na maofisi, kila mahali akiikuta dhambi ile ile: paa la bati, tofali jembamba, dirisha limegeuzwa linakotua jua, kisha anaitwa yeye aje na mashine kusahihisha. "Watu wanajenga jiko," alikuwa akisema, "halafu wananiita mimi niligeuze friji."

Kiwanja chake alipokipata, alichora nyumba mwenyewe, nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji. Kuta nene za mawe na udongo mwekundu, zikapakwa chokaa. Maji ya kuogea yanakwenda kwenye migomba. Taa na pampu zinakula sola. Saruji alinunua ya msingi na choo tu, mifuko michache mno, hata mwenye duka akamuuliza kwa huruma kama anajengea kaburi. Juu akaezeka makuti, mazito, yamesimama wima kama kofia ya bulibuli. Hapo ndipo alipowaumiza watu vichwa. Tajiri akiezeka makuti ni hoteli, maskini akiezeka makuti ni banda. Haroub hawakujua wamuweke wapi, wakakubaliana banda.

"Fundi," alimuuliza Mabrouk, jirani wa mkabala, mwenye nyumba ya tofali, bati la buluu na nguzo nne zisizobeba kitu, "ukishamaliza zizi, nyumba utaanza lini?"

Lakini ikifika saa sita ya mchana, bati la buluu likianza kulia, mke wa Mabrouk na watoto walikuwa wakija na mkeka wao sebuleni kwa Haroub. Mabrouk mwenyewe alikuja baada ya adhuhuri, kusalimia, akasalimia amelala mpaka alasiri.

Bi Kidawa, mkewe, kicheko chote hicho alikivumilia. Aliitetea nyumba sokoni, aliitetea harusini, aliitetea kwa dada zake waliomletea pole kama aliyefiwa. Januari nzima ya mwaka jana alilala kajifunika shuka wakati wenzake wanalala sakafuni, na hilo alihakikisha kila mtu analijua. Lakini leo alipomuona mumewe anarudi na mfuko wa vyombo vya kazi, alimshika mkono akampeleka kwenye migomba. Huko ndiko walikokuwa wakigombania. Nyumba ina vyumba vinne, nao wanagombana nje kama paka.

"Ziba," alisema.

"Nizibe nini?"

"Chumba cha mwanangu. Lete mbao, lete plaiwudi, lete godoro ukitaka. Ziba mpaka juu."

"Mama Khairat, chumba kile ndiyo pua ya nyumba. Kaskazi inaingilia pale. Ukiziba pale, nyumba nzima inakabwa."

"Na ikabwe, ni siku saba. Mimi nshakabwa leo mbele ya wanawake watatu."

"Si ungenyamaza? Nani alokutuma umwite mtu samaki?"

"Nimemwita nyumbani kwangu, jikoni kwangu. Mwanamke akikosa pa kusengenya nyumbani kwake, ana nyumba huyo? Hiyo si nyumba, hiyo stendi."

Haroub alitaka kucheka, akaona si siku yake. "Wazee wetu walijenga hivi hivi. Upepo walikuwa wakiufungulia njia."

"Wazee wetu walijua kunong'ona. Na wazee wetu walijua maharusi wanawekwa wapi." Sauti yake ikashuka, na ilipokuwa chini ndipo ilipouma. "Ulipima upepo kwa uzi, Haroub. Ulipima jua kwa kijiti, mwezi mzima unahamisha kijiti uani kama mwenda wazimu. Mimi uliniuliza nini? Rangi ya milango."

Haroub akatazama migomba. Ilikuwa kweli. Na rangi aliyoitaka mkewe nayo hakuipaka, kwa sababu ilikuwa inavuta joto.

"Mama," sauti ya Khairat ilikuja kutoka ndani, "mnasikika."

"Hata kwangu," alisema Mabrouk upande wa pili wa ua.

*

Kesho yake asubuhi Bi Sichana alikuja kwa kazi rasmi. Yeye ndiye somo wa Khairat, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, mwanamke wa Makunduchi asiyekuwa na haya ya mahali pasipotakiwa haya. Haroub na Mabrouk aliwakuta sebuleni wanakunywa kahawa.

"Kaeni hapo hapo," alisema baada ya kuitikia shikamoo zao. "Ntaingia chumbani, ntafunga mlango. Nikitoka mtanambia mmesikia nini."

"Hilo jambo zuri," alisema Haroub. "Kitu kipimwe."

Bi Sichana akaingia akafunga. Kwanza akakohoa. Kisha wakasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe, wazi kabisa, mtu angeweza kukisia kikombe kimejaa kiasi gani. Haroub akatikisa kichwa kama mtaalamu. Kisha samadari ikalia. Ikalia tena. Halafu ikashika mwendo. Mabrouk akaanza kuvuta istighfari chini kwa chini. Haroub akanyanyua kikombe, akanywa, kikombe kilikuwa kitupu, akaendelea kunywa hivyo hivyo. Mwisho likaja cheko, laini, refu, cheko ambalo Mabrouk hakupata kulisikia nyumbani kwake tangu aoe.

Mlango ukafunguliwa. Bi Sichana akatoka, anakaza kanga yake kifuani, uso mkavu kama hakimu.

"Haya. Haroub, umesikia nini?"

"Mie sikusikia kitu, somo."

"Basi u kiziwi au u muongo, chagua moja uende nalo. Na wewe?"

"Nimesikia maji," alisema Mabrouk.

"Na baada ya maji?"

"Baada ya maji nimejihisi kuondoka."

Bi Sichana akakaa, akajimiminia kahawa yao.

"Haroub, baba, nyumba yako nzuri. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya mawe na udongo, baridi yake naijua. Lakini mtoto akifedheheka kwenye fungate yake, fedheha hiyo atazeeka nayo. Watu hawa leo wanacheka paa. Kesho watamcheka yeye. Ama uzibe, ama mwambie Bi Zuleikha aje amchukue. Huna la tatu."

*

Plaiwudi ikapigwa siku ya Jumanne, misumari Haroub aliishindilia mwenyewe, kila msumari na sonyo lake. Ila yeye ni fundi, alijua kabisa alichokifanya: chumba kilichozibwa juu, na vitundu vya nyota kutiwa matambara, Januari, si chumba tena, ni tanuri. Kwa hiyo siku ya Alkhamisi kiyoyozi kikafika Tunguu, kimekaa juu ya gari ya ng'ombe, kimefungwa kamba kama mbuzi wa akika.

Watu walitoka majumbani. Wanawake waliacha vyungu motoni.

"Leo fundi kasalimu amri."

"Mwacheni, kakikumbuka. Miaka ishirini hawajaachana."

Haroub alikipandisha ukutani. Shida ikaja alipotaka kukiwasha. Sola yake ingeweza kuwasha taa sita na pampu, lakini kiyoyozi ingekitazama tu. Umeme wa kununua alikuwa nao Mabrouk.

Alimkuta barazani anakunywa chai. Mabrouk alimkaribisha vizuri, akamaliza chai yake kwanza, akamaliza na mkate wote, akakung'uta na chembe.

"Unataka umeme wa zizini?"

"Nataka umeme wa siku saba. Ntakulipa."

"Pesa si kitu. Mimi nakuuliza, chumba ukishakiziba, upepo sebuleni utakuja?"

"Hautokuja."

"Sasa mchana mie ntalala wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Wakakubaliana hivyo hivyo, kila mmoja na uchungu wake. Waya wa kazi ile ulitakiwa uwe mnene, na waya mnene ulikuwa na bei ambayo harusi ilishaila. Haroub akaunga nyaya mbili nyembamba, akazungushia mpira mweusi mahali pa kiungo. Mwanafunzi wake angefanya vile, angemfukuza kazi siku hiyo hiyo.

Bi Zuleikha akaja mara ya pili. Akasimama katikati ya chumba, ubaridi ukamgonga usoni, akasema neno ambalo hata Bi Sichana hakulitarajia: "Ah! Mwanangu." Akatazama juu akaona mbao, akaridhika. Bi Kidawa kidogo apige kigelegele, akakumbuka asipe watu faida.

*

Nikaha ikafungwa salama, bwana harusi akaingizwa ndani, mlango ukafungwa, kiyoyozi kikaguruma. Nyumba ilijaa wanawake: mashangazi, mama wadogo, majirani, na wale ambao hakuna anayejua wamekuja na nani. Wote wakatota jasho. Pua ya nyumba ilizibwa, na waliokaa sebuleni wakaanza kuvuta pumzi kwa zamu.

"Kumbe hii nyumba baridi yake ilikuwa ya uongo," alisema mmoja.

Haroub alikuwa mlangoni, akasikia, akajiuma ulimi.

Siku ya tatu, saa saba ya mchana, mke wa Mabrouk alichomeka pasi apige kanzu ya mumewe. Kiyoyozi kikakohoa. Uani pakanuka mpira unaoungua. Kiungo kile kikayeyuka, swichi kubwa ya Mabrouk ikawa nyeusi kama chungu, na mngurumo wa siku tatu ukakatika. Haroub alitoka mbio na bisibisi, akatazama mara moja tu, akajua hakiponi leo wala kesho.

Na wakati huo huo, kwa mpango wa Mola ambaye naye hupenda kutazama mambo ya watu, Bi Zuleikha akaingia na sinia la biriani.

Ndani ya chumba walivumilia. Bwana harusi hatoki nje ya fungate kuja kulalamika, si adabu. Bibi harusi ndiyo kabisa. Robo saa ikapita. Sebuleni wote walijua kilichotokea. Bi Zuleikha peke yake hakujua, anapakua biriani.

Mara, ko!

"Nini hicho?"

Ko! Ko! Kipande cha plaiwudi kikang'oka juu ya ukuta, kikaanguka sebuleni katikati ya mikeka, wanawake wakatawanyika. Juu ya ukuta kikatokeza kichwa cha bwana harusi, kinatiririka jasho, na mkononi kashika kiatu cha bibi harusi, kile cha kisigino kirefu, alichokuwa anagongea. Akamuona mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini huko juu?"

"Natafuta upepo, mama."

"Rudi ndani."

"Ndani ndimo nilimo."

Akagonga tena, mbao ya pili ikashuka. Chini yake Khairat alikuwa anachomoa matambara kwenye vitundu vya nyota, moja moja, hana subira. Na kaskazi, iliyokuwa imesimama nje siku tatu kama mgeni asiyefunguliwa mlango, ikaingia. Ilipita juu ya kitanda, ikapita juu ya ukuta, ikashuka sebuleni, ikapeperusha kanga na mitandio, ikatoka na harufu ya jasho la watu arobaini. Bi Zuleikha alibaki na upawa mkononi. Macho yake yalijifumba yenyewe. Alipoyafumbua akakumbuka yeye ni mama wa nani.

"Basi," alisema. "Chumba kimekuwa dema tena. Nawachukua."

Ndani, kisigino kikaacha kugonga. Khairat alikuwa anasikiliza. Kila mtu alikuwa anasikiliza, nyumba ile haikuwa na namna nyingine. Haroub alisimama mlangoni na bisibisi yake. Bi Kidawa akamtazama, akatazama ukuta, akatazama wale watu wote waliojazana kwenye mikeka, wananyoosha shingo wasikose neno.

"Hawachukuliwi," alisema. "Nyumba haina kosa. Wenye kosa sisi, tumekuwa wengi. Nyumba hii mume wangu kajenga chumba kimoja, kakikata vipande akaviita vinne. Haya, na kiwe chumba kimoja. Chao. Tokeni."

"Nani atoke?" aliuliza shangazi mmoja.

"Sote. Kunjeni mikeka, tunahamia kwa Mabrouk. Chakula tutaweka mlangoni, tutagonga, tutaondoka. Fungate ya mwanangu itamalizikia kwao."

"Kwa Mabrouk?" alisema Mabrouk kutoka uani. "Kwa Mabrouk hata feni haizunguki."

"Wewe umelala kwangu mwaka mzima. Fungua mlango."

Bi Sichana alikuwa ashasimama, sinia la biriani kichwani. Wengine wakamfuata. Akabaki Bi Zuleikha katikati ya sebule, upepo unamchezea baibui, hataki kwenda wala hawezi kubaki.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe mwenzangu unatangulia," alisema Bi Kidawa. "Biriani si lako?"

*

Siku ya sita kwa Mabrouk palikuwa pahali pa toba. Bati lilikuwa linalia juu, ta, ta, na chini wanawake wamekaa bega kwa bega, mishipi imelegezwa, vipepeo vya ukindu vinasukuma joto kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Bi Zuleikha alikuwa akija kila siku kutoka mjini. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa anakaa karibu na Bi Kidawa, kwa kuwa pale palikuwa na dirisha, na hawakuwa wamesemezana zaidi ya nipishe na ahsante. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Haroub na Mabrouk walikuwa wamekalia ndoo, Mabrouk anauliza juu ya makuti kwa sauti ya chini, asisikiwe na mkewe.

Ng'ambo ya uwanja nyumba ilikuwa imetulia, milango imefungwa.

Kisha likaja cheko. Lilikuwa la Khairat. Lilitoka kwenye vitundu vya nyota, likavuka migomba, likaingia dirishani kwa Mabrouk safi kabisa, halijapungua kitu. Likafuatia la Ridhwan, zito. Kisha la Khairat tena, na hili halikuwa na haraka ya kwisha.

Vipepeo vyote vikasimama. Mtu hakuthubutu kumtazama mwenziwe. Nje, ndoo za wanaume zilikwaruza chini, zikahamia nyuma ya nyumba. Bi Kidawa aliinamisha kichwa, jasho linamdondoka puani, anangoja neno kutoka kwa mwanamke aliyekaa pembeni yake.

Bi Zuleikha akakohoa. Akageuka, akapandisha sauti mpaka bati likaitikia.

"Bi Kidawa, hivi vitunguu Darajani sasa kilo vipi?"

Bi Kidawa akanyanyua uso.

"Vimepanda, mwenzangu," alijibu, naye kwa sauti ya kuita mtu kondeni. "Vimepanda vibaya sana."

"Na vinaoza upesi."

"Vinaoza siku mbili tu. Vya safari hii vina maji."

Shangazi mmoja akadakia vya Pemba. Bi Sichana akasema vitunguu si kitu, watazame thomu. Wakazungumza vitunguu wote kwa pamoja, kwa makelele, wanajifuta nyuso kwa ncha za kanga, mpaka ilipoadhiniwa alasiri.